Kero za Macho: Kichekesho cha The Simpsons juu ya Matangazo ya Biashara na Amri ya Kwanza

Vichekesho vya televisheni havipewi nafasi kubwa katika kurasa za jarida la kitheolojia, na huenda ndivyo inavyostahili. Vingi hupita kama upepo, wala havina cha kumwambia mtu aliyeketi kuandaa mahubiri ya Jumapili. Hata hivyo zipo dakika chache za katuni ya Marekani iitwayo The Simpsons ambazo tumezitazama zaidi ya mara moja, na kila mara tumeona kwamba zinaingia katika eneo ambalo sisi tunaofundisha Amri ya Kwanza tulidhani ni letu peke yetu. Tunakusudia kuzipima hapa. Zinasema jambo moja la kweli kwa nguvu kuliko mahubiri mengi, kisha zinatoa dawa ambayo, kwa maoni yetu, haiponyi. Na dawa hiyo ndiyo ile ile inayotolewa katika mimbari zetu nyingi.

Kwa wasomaji wasioifahamu katuni hiyo, inatosha kueleza machache. Ilibuniwa na Matt Groening, ikaanza kuonyeshwa kama mfululizo kamili tarehe 17 Desemba 1989 katika shirika la televisheni la Fox. Ni habari za familia moja katika mji wa kubuni uitwao Springfield: baba Homer, mlafi na mvivu ambaye hata hivyo ni vigumu kumchukia, mama Marge, na watoto watatu, Bart, Lisa na Maggie. Kila mwaka, karibu na mwisho wa Oktoba, Wamarekani wanapojifurahisha kwa mambo ya kutisha, watunzi hutoa kipindi chenye hadithi tatu za vitisho. Hadithi tunayoizungumzia ni ya kwanza katika kipindi cha mwaka 1995. Iliandikwa na John Swartzwelder, nayo inaitwa “Attack of the 50-Foot Eyesores”. Jina hilo linatania filamu ya mwaka 1958 juu ya mwanamke aliyekua akawa jitu. Lakini neno lake la mwisho ndilo lenye uzito. Kwa Kiingereza ni jengo au bango baya linaloharibu mandhari. Sisi tungesema “kero ya macho”, na tafsiri hiyo ingefaa sana, maana hadithi yote tangu mwanzo hadi mwisho ni hadithi ya macho.

Homer anakwenda katika duka la donati liitwalo Lard Lad. Mbele ya duka imesimamishwa sanamu kubwa mno ya mtoto mnene aliyeinua donati yenye ukubwa wa kutisha. Homer anaagiza donati kubwa kama ile ya kwenye tangazo. Anapewa ya kawaida. Anakasirika, anasema ametangaziwa uongo, anaapa kwamba ataipata donati yake, kisha anaiiba ile ya sanamu na kuikokota nyumbani. Ndipo inapotokea dhoruba ya radi za ajabu, na sanamu zote za matangazo katika mji zinapata uhai. Lard Lad anashuka kutoka mahali pake kutafuta donati yake. Wenzake wanafuata, wanabomoa nyumba na kukanyaga magari. Watu wa Springfield wanakimbia huku na huku mbele ya majitu ambayo jana yalikuwa yakiwauzia vitu.

Ni vema kusema kwamba majitu hayo hayakutoka katika ndoto ya mchoraji. Mtu akisafiri katika barabara za California atayaona ya kweli. Bob's Big Boy, mkahawa ulioanzishwa Glendale mwaka 1936, ulijulikana kwa sanamu ya mtoto mnene mwenye suruali ya mirabamiraba akiinua sahani ya hambaga. Huko Inglewood lipo duka dogo la Randy's Donuts ambalo juu ya paa lake imekaa donati kubwa kuliko kibanda chenyewe, nayo imekuwapo tangu miaka ya 1950. Sababu yake ilikuwa gari. Mtu aendaye kwa miguu huona duka kwa kulikaribia, anasikia harufu ya mikate, anamsalimu muuzaji. Lakini mwenye gari anapita kasi, na mfanyabiashara anayemhitaji hana budi kumkamata macho akiwa bado mbali. Hivyo kitu kinachouzwa kikabaki kidogo kama kilivyokuwa, na picha yake ikakua. Pengo hilo baina ya donati na picha ya donati ndilo lililomwingiza Homer katika matata.

Wengi wanaocheka mwanzo huu humcheka Homer kwa ujinga wake, kwamba mtu mzima ameshindwa kujua kuwa sanamu ni sanamu. Sisi tunaona kuwa mtunzi ana shabaha ya ndani zaidi. Homer amefanya jambo ambalo hakuna mteja mwingine anayelifanya: ameliamini neno. Ameambiwa hivi, naye amekuja kudai kama alivyoambiwa. Wenzake wote wamekwisha kujifunza kwamba tangazo halisemi kweli na hawaudhiki tena. Wamezoea kuishi katikati ya maneno yasiyotimizwa. Kwa mtu aliyelelewa katika theolojia ya Matengenezo hili si jambo la kupita haraka. Luther alifundisha kwamba imani haiwezi kuwapo isipokuwa mbele ya ahadi. Mungu hushughulika nasi kwa neno linaloahidi, nasi hushughulika naye kwa kuliamini. Basi mji ambamo ahadi zimejaa katika kila njia panda, na hakuna anayetarajia zitimie, ni mji ambamo masikio yanafundishwa kutoamini. Mchungaji atakayesimama Springfield na kusema, “Umesamehewa dhambi zako,” atasikilizwa na watu waliozoea kusikia mambo makubwa yasiyo na kitu ndani yake. Tunadhani madhara haya ya matangazo ni makubwa kuliko yale tunayoyakemea kila siku, yaani kwamba yanachochea tamaa. Tamaa ilikuwapo kabla ya matangazo. Kuichakaza ahadi yenyewe, hiyo ni kazi mpya.

Na je, nani aliyeiba kwanza? Homer amevunja Amri ya Saba, hilo halina ubishi. Lakini Luther katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529, alipofafanua amri hiyo, hakuishia kwa mwizi avunjaye sanduku. Aliupeleka wizi sokoni na dukani, kwa wauzao bidhaa mbovu na kupunja kwa hila, akawahesabu kuwa wezi wakubwa kuliko wale wanaofungwa. Kwa kipimo hicho duka la Lard Lad lilimwibia Homer kabla Homer hajaliibia, nalo liliiba mchana, kwa bango, mbele ya polisi. Mtunzi hasemi hivyo waziwazi. Anaacha radi ijibu.

Twende sasa kwenye sehemu ambayo kwetu ndiyo iliyo nzuri kuliko zote, ingawa ni fupi sana. Marge anamsihi mumewe airudishe donati, akiamini kwamba jitu likiipata maafa yatakwisha. Homer anakubali kwa shingo upande na kumkabidhi. Lard Lad anaipokea, anaitazama, kisha anaendelea kubomoa kama kawaida. Hakuna maelezo yoyote. Twaweza kufundisha juma zima juu ya dhabihu zinazotolewa kwa miungu ya uongo tusifike mahali hapa. Marge amefikiri kama walivyofikiri watu wa mataifa yote: mungu amekasirika kwa sababu amenyimwa kitu, basi apewe kitu chake atatulia. Lakini sanamu haina mahali pa kushibia. Ikipewa inataka tena, si kwa sababu imepungukiwa, bali kwa sababu kutaka ndiyo kazi pekee iliyoumbiwa. Lile jitu lilitengenezwa ili watu watake donati. Hata lilipoishika donati yenyewe mkononi halikujua la kufanya nayo.

Ipo pia dhihaka moja ya uchungu ambayo mtazamaji asipoangalia itampita. Mkuu wa polisi, katika jitihada za kupambana na majitu, anampiga risasi kijana mrefu, nahodha wa timu ya mpira wa kikapu ya shule. Akiambiwa kwamba yule hakuwa jitu, anajitetea kwamba alikuwa ameanza kugeuka jitu. Tulipoiona mara ya kwanza tuliukumbuka mji wa Wittenberg mwaka 1522. Karlstadt na wenzake walikuwa wamehimiza picha ziondolewe makanisani, na watu wakaanza kuzivunja kwa nguvu; Luther akarudi kutoka Wartburg, na mwezi Machi akahubiri siku nane mfululizo. Hakuzitetea picha. Alisema kwamba mtu akinyang'anywa sanamu kwa nguvu huondoka akiwa ameikumbatia zaidi moyoni, na kwamba watu hutumia vibaya mvinyo pia, wala hatumwagi mvinyo wote wala kuliondoa jua mbinguni kwa kuwa wako waliolisujudia. Yeye, alisema, alihubiri tu na kuandika. Mengine yote yalifanywa na Neno, hata alipokuwa amelala au akinywa bia pamoja na Philip Melanchthon na Amsdorf. Anayeshika shoka kupambana na sanamu, aghalabu shoka lake humpata binadamu aliye karibu. Springfield ililijua jambo hili kwa gharama ya kijana mmoja.

Basi nguvu haikufaa, na dhabihu haikufaa. Lisa, binti mwenye akili katika familia hiyo, anakwenda kwenye kampuni ya matangazo iliyoyabuni majitu hayo. Huko ofisa mmoja anamfunulia siri: hayo ni matangazo, na tangazo huishi kwa kutazamwa, watu wakiacha kuyatazama yatakufa. Anashauri utungwe wimbo mfupi wa kuvutia, kama nyimbo za matangazo zilivyo, ili kuwageuza watu macho. Lisa anamleta mwimbaji Paul Anka, Mkanada aliyepata sifa tangu mwaka 1957 kwa wimbo wake “Diana”, ambaye katika kipindi hicho alijitolea sauti yake mwenyewe. Wanawaimbia watu wa mji wimbo wenye ujumbe mmoja tu, kwamba wasitazame. Watu wanageuka, mmoja mmoja. Majitu yanaishiwa nguvu na kuanguka. (Tuongeze kwa mabano kwamba waimbaji kama Anka, Kiingereza huwaita kwa neno lile lile kinalolitumia kwa sanamu ya kuabudiwa. Sanamu moja imeitwa iangushe nyingine. Hatujui kama mtunzi alikusudia, lakini tunashuku kwamba alitabasamu.)

Hapa katuni imeungana na Maandiko bila kuyataja. Zaburi ya 115, mstari wa 4 hadi wa 8, inazidhihaki sanamu zenye vinywa zisizosema na zenye macho zisizoona, kisha inatoa neno la kuogofya, kwamba wazifanyao na kuzitumainia watafanana nazo. Mtume Paulo katika 1 Wakorintho 8:4 anasema sanamu si kitu katika ulimwengu. Na bado katika sura ya kumi ya waraka huo huo anaonya juu ya meza ya mashetani kana kwamba sanamu ni kitu kweli. Wanafunzi hutuuliza kila mwaka: ni kitu au si kitu? Swartzwelder anawajibu vizuri kuliko vitabu vingi vya ufafanuzi. Jitu si kitu. Ni bati na rangi. Lakini likipewa macho ya mji mzima, linabomoa nyumba. Uhai ilio nao sanamu ni uhai wa kuazima, na mwenye kuuazimisha ni yule yule anayekanyagwa. Luther alieleza kwamba kile ambacho moyo wa mtu umekitegemea na kukishikilia, hicho hasa ndicho mungu wake. Katuni inaweka macho mahali pa moyo, na katika karne yetu badiliko hilo si kosa kubwa.

Kwa kweli si kosa hata kidogo tukiijua biashara yenyewe. Watu wengi hudhani kwamba televisheni ya kibiashara huuza vipindi kwa watazamaji. La hasha. Mtazamaji wa aina hiyo ya televisheni halipi kitu. Yeye ndiye bidhaa. Kituo hukusanya macho, huyahesabu, na kumuuzia mwenye sabuni au mwenye gari. Simu tunazobeba leo zimeikamilisha kazi hiyo kwa namna ambayo watunzi wa mwaka 1995 hawakuiona: zinahesabu ni sekunde ngapi jicho la kila mmoja limetulia juu ya picha, na bei inafuata hesabu hiyo. Yule ofisa aliyemwambia Lisa kwamba majitu yanaishi kwa kutazamwa hakuwa akisema fumbo. Alikuwa akisoma daftari la mauzo.

Hadi hapo tunasifu. Sasa tuseme ni wapi tunapotofautiana.

Kwanza, yule ofisa. Ndiye aliyeyatengeneza majitu, ndiye anayetoa dawa, na dawa yenyewe ni tangazo jingine. Hakuna anayemwuliza juu ya nyumba zilizoanguka. Hakuna anayemtaka atubu. Dhihaka inayomponda mlafi mwenye njaa ya donati inampitisha mtengenezaji bila kumgusa, na tunaiona hii kuwa kasoro ya hadithi, hata kama mtu atatwambia kwamba kutokumgusa nako ni dhihaka. Huenda ipo sababu ya nje ya hadithi. Familia hiyo ya katuni yenyewe imeajiriwa katika matangazo. Bart alikuwa akiuza peremende za Butterfinger tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Si rahisi kumhukumu anayekulipa.

Jambo la pili ni zito zaidi. “Msitazame” ni sheria. Ni sheria njema, wala hatuipingi. Lakini sheria haina uwezo wa kumpa mtu kile inachomwagiza. Na hapa tunamshukuru mtunzi kwa unyofu wake, maana ameyaonyesha mwenyewe kwa mtu yule yule aliyeanzisha mambo. Majitu yote yameanguka, amebaki Lard Lad, kwa sababu yupo mtu mmoja ambaye bado anamtazama. Ni Homer. Amesikia wimbo, ameelewa, anajua kwamba mji utabomoka. Na macho yake hayabanduki kwenye ile donati. Lisa analazimika kumtishia kwamba watamtoboa macho. Ndipo anageuka. Hatudhani kwamba katuni ya Jumapili jioni ilikusudia kuifafanua Mathayo 5:29, lakini imefika mlangoni pake: amri ikishapigwa hadi mwisho, kinachobaki ni kung'oa jicho. Katika kitabu chake cha mwaka 1525 juu ya utumwa wa utashi, Luther alimpinga Erasmo kwa jambo hili hasa, kwamba kutoka katika maneno “fanya” hatuwezi kuhitimisha kwamba mtu anaweza. Homer ni hoja ya Luther yenye tumbo kubwa. Na Paulo katika Warumi 7 anakwenda mbele zaidi: amri ikataayo tamaa ndiyo inayoiamsha. Ni nani kati yetu aliyewahi kuambiwa “usitazame” asigeuze shingo?

Ndiyo maana tumesema hapo mwanzo kwamba dawa hii tunaijua nyumbani. Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, na huku Tanzania Bara ikatukuta mwaka 1994, nayo ikaja pamoja na matangazo yake. Mahubiri yaliyofuata juu yake, kadiri tulivyoyasikia sharikani na hata katika mafunzo ya Kipaimara, yalikuwa na kitenzi kimoja: msiangalie. Simu zilipokuja kitenzi hakikubadilika. Vijana waliyasikia, wakaitikia amina, wakarudi walikotoka. Hatuwalaumu. Waliambiwa wageuze macho, hawakuambiwa wayaelekeze wapi. Bwana wetu alisimulia habari za pepo mchafu aliyemtoka mtu, akairudia nyumba na kuikuta tupu, imefagiwa na kupambwa, akaenda kuwaleta wengine saba waovu kuliko yeye mwenyewe (Mathayo 12:43-45). Nyumba ile ilikuwa safi. Ubaya wake ulikuwa utupu.

Tazama jinsi hadithi yenyewe inavyokwisha. Majitu yamelala chini, mji umepumua. Mtangazaji wa habari wa Springfield anatokea kwenye kioo na kuwaonya watu wafunge milango yao, kwa kuwa tangazo lifuatalo watakaloliona laweza kuwabomolea nyumba na kuila familia yao. Na papo hapo Homer anasema kwamba watarejea baada ya muda mfupi, kama wasemavyo watangazaji kabla ya mapumziko. Na mapumziko ya matangazo yanafuata, matangazo ya kweli, yaliyolipiwa. Ni kichekesho cha hali ya juu, na ni ungamo pia. Wale waliowafundisha watu kutotazama wanajua kwamba hakuna atakayeondoka kwenye kiti. Nyumba imefagiwa, na saba wako mlangoni na mizigo yao.

Kwa upande wetu tunaona kwamba Maandiko hayaanzi na “msitazame”. Katika Hesabu 21 Waisraeli wanaumwa na nyoka jangwani, na Musa anaagizwa kufanya nyoka wa shaba na kumweka juu ya mti. Kila aliyeumwa anamtazama, naye anaishi. Bwana Yesu katika Yohana 3:14 anajilinganisha mwenyewe na nyoka yule. Ajabu ya habari hii ni kwamba watu walioumwa hawakuambiwa wasiwatazame nyoka waliokuwa miguuni pao. Nyoka hawakuondolewa kwanza. Waliagizwa kutazama mahali pengine, na mahali hapo palikuwa na ahadi, na ahadi ile ilitimia. Hiyo ndiyo tofauti baina ya mti ule na mlingoti wa Lard Lad, ingawa vyote viwili viliinuliwa juu ili vionekane kwa mbali: mmoja unampa atazamaye kile unachotangaza, na mwingine unaishi kwa kumnyima. Homer hakuhitaji mtu wa kumtoboa macho. Alihitaji kitu cha kutazama ambacho kingekuwa kikubwa ndani kama kilivyo nje. Springfield haikuwa nacho, wala hatumdai mtunzi wa vichekesho akilete. Kazi hiyo si yake, ni yetu.

Lakini kabla hatujajitapa kwamba tunacho, tuikumbuke historia yetu. Mwaka 1517 Johann Tetzel alizunguka katika nchi za Ujerumani akiuza vyeti vya msamaha, kwa faida ya ujenzi wa Kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma na ya madeni ya Askofu Mkuu Albrecht wa Mainz. Hoja ya 27 kati ya zile 95 inawakemea wahubiri wasemao kwamba sarafu ikilia sandukuni roho huruka kutoka toharani. Na msemo huo kwa Kijerumani ulivuma kama shairi fupi lenye vina, rahisi kushika kama wimbo wa Paul Anka. Kanisa lilikuwa na majitu yake, na lilikuwa na watungaji wake wa nyimbo za matangazo, karne nyingi kabla ya donati. Nasi leo tukipita katika barabara za miji yetu tunaona mabango ya mikutano ya Injili, uso wa mhubiri ukiwa mkubwa kuliko mlango wa nyumba, na chini yake orodha ya maradhi yatakayopona, na ndoa, na visa ya kusafiria, na siku na saa. Mengine si ya madhehebu yetu. Mengine ni ya kwetu. Wanaokwenda wakiwa na imani kama ya Homer hupewa donati ya kawaida, nao wakiuliza huambiwa kwamba imani yao ilikuwa ndogo. Duka la Lard Lad halikuthubutu kufika huko.

Yule nyoka wa shaba naye hakusalimika. Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 18, mstari wa 4, kinasimulia kwamba Hezekia alimvunja vipande vipande, kwa sababu hata siku zile wana wa Israeli walikuwa wakimfukizia uvumba, na akaitwa Nehushtani, yaani kipande cha shaba. Alikuwa ametolewa na Mungu mwenyewe, na Musa ndiye aliyemtengeneza. Katika mabango tuliyoyataja, msalaba upo katika karibu kila moja. Mara nyingi huwa pembeni, mdogo, nyuma ya bega la mhubiri.